Sembe, dona, ulezi, muhogo au wali: kuchagua wanga ukiwa na kisukari

Mama alirudi kutoka kliniki na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: "Aache sembe, ale ugali wa brauni." Basi. Hakuna kiasi, hakuna habari ya mboga, hakuna sababu.

Nyumba nzima ikatii. Kiroba cha sembe kilichobaki tukampa jirani, tukanunua ulezi, tukausagisha laini kabisa. Mchana ugali wa ulezi, usiku ugali wa ulezi, asubuhi uji wa ulezi kwenye lile bakuli kubwa la bati, maana huo ndio uji wa wagonjwa wa sukari. Wiki ya tatu nikanunua mashine ya kupimia. Nilimtoboa kidole saa mbili baada ya uji uliopikwa bila hata chembe ya sukari, na kioo kikaandika 14.2, kwa kipimo cha milimoli kwa lita (mmol/L). Mama alikitazama, akafuta kidole kwenye upindo wa kanga, akaniuliza, "Sasa nile nini mwanangu? Mawe?"

Swali hilo nimekuwa nikilijibu kwa miaka kadhaa sasa, jikoni, nikiwa na mizani ndogo na kile kimashine. Nimeona kwamba kilichotupoteza ni kuuliza "ugali gani?" kabla ya kuuliza "kiasi gani, na kwa mboga ipi?" Hata hivyo aina nayo ina uzito wake, na kila aina ina mtego wake. Kwa hiyo naziweka zote mezani, kwa ajili ya yeyote aliyeshika karatasi kama ile ya mama.

Ugonjwa wenyewe, kwa ufupi

Wanga tunaokula huvunjwa tumboni kuwa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoiwezesha glukosi kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli na kwingineko inakohitajika. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, mwili umekuwa sugu kwa insulini, na kongosho lililohangaika kwa miaka linaanza kuchoka. Kurithi kuna sehemu yake. Unene wa tumboni, kukaa kitako siku nzima na umri vina sehemu yao.

Dalili zinajulikana: kiu isiyokatika, kuamka usiku mara tatu nne kwenda kukojoa, uchovu, macho kuona ukungu, kukonda bila sababu, kidonda cha mguu kinachogoma kupona, ganzi kwenye nyayo, fangasi sehemu za siri zinazorudi kila zikitibiwa. Tatizo ni kwamba wengi hukaa miaka bila dalili hata moja. Anayethibitisha ni kipimo: 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula chochote, ikirudiwa siku nyingine; au 11.1 na zaidi saa yoyote ukiwa na dalili. Au asilimia 6.5 na zaidi kwenye HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa takribani miezi mitatu. Ukishajulikana, wagonjwa wengi hupewa lengo la kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Wazee na wenye maradhi mengine huweza kupewa lengo lililolegezwa kidogo.

Ninayoandika hapa ni kwa mtu mzima mwenye aina ya pili. Anayejichoma insulini, mjamzito, au ambaye figo zake zimeanza kulegea, azungumze na daktari kabla ya kubadilisha sahani yake.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni kiasi cha wanga, na hapa ndipo watu wengi hushangaa. Unga mkavu wa mahindi, ulezi, mtama au muhogo, wowote uuchukuao, una wanga wa kati ya gramu 70 na 85 katika kila gramu 100. Ndiyo, hata ule wa brauni. Sasa piga hesabu ya nyumbani: kilo moja ya unga ikipikwa kwa watu wazima watano au sita, kila mmoja anakula unga wa gramu 170 hadi 200, yaani wanga wa gramu 120 hadi 150 kwa mkupuo. Wataalamu wa lishe mara nyingi humwanzishia mgonjwa na gramu 45 hadi 60 kwa mlo. Nusu ya kikombe cha robo lita ya unga mkavu ni kama gramu 60, na inakupa wanga wa takribani gramu 45. Ukiupika, unapata tonge linalokaribia ngumi yako. Siku ya kwanza niliyompimia mama nusu kikombe, alidhani ni wa kuonjea.

Cha pili ni kasi. Wanga uleule unaweza kuingia kwenye damu kwa mbio au kwa mwendo wa pole. Unga uliosagwa laini hukimbia kuliko wenye chenga. Chakula cha majimaji, kama uji, hupita tumboni haraka kuliko kigumu. Ndizi mbivu hukimbia kuliko mbichi. Mafuta, protini na nyuzinyuzi hupunguza mwendo.

Cha tatu ni kile kinachofuatana na wanga: nyuzinyuzi, vitamini, madini. Cha nne ni usalama, kwa maana ya sumu zinazoweza kuwamo na namna chakula kinavyohifadhiwa. Cha tano ni mfuko na nyumba. Chakula ambacho mgonjwa anapikiwa peke yake kwenye kisufuria chake kama aliyetengwa hakidumu hata mwezi.

Sembe

*Kiasi na kasi.* Wanga ni kama gramu 75 hadi 80 kwa gramu 100 za unga. Mahindi yamekobolewa, maganda na kiini vimekwenda na pumba, kwa hiyo nyuzinyuzi ni chache na sukari hupanda upesi. Njaa nayo hurudi mapema, na hapo ndipo tonge la ziada linapoingia.

*Kinachofuatana.* Kidogo. Vitamini za kundi B na madini mengi yamebaki mashineni. Unga wa viwandani ulioongezewa virutubisho hurudishiwa baadhi yake, hasa madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki, kwa hiyo angalia alama kwenye mfuko.

*Usalama.* Hapa sembe inastahili haki yake. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huondoa sehemu yake. Si yote, lakini si haba.

*Mfuko na nyumba.* Ipo kila duka, watoto wameizoea, hakuna ugomvi.

*Anayefaa.* Mtu anayeweza kweli kusimamia nusu kikombe na kujaza sahani kwa majani na maharage. Pia mzee ambaye tumbo lake halistahimili maganda. Nimeona wagonjwa wanaokula sembe wakiwa na sukari nzuri kuliko wanaokula dona, kwa sababu tu wao walipima.

Dona

*Kiasi na kasi.* Wanga unapungua kidogo tu ukilinganisha na sembe. Faida iko kwenye nyuzinyuzi, ambazo ni nyingi zaidi, na kwenye chenga, iwapo umeomba mashineni usisagiwe laini sana. Dona iliyopitishwa mara mbili hadi ikawa vumbi imepoteza sehemu kubwa ya kile ulichokifuata.

*Kinachofuatana.* Kiini kimebaki, kwa hiyo kuna mafuta mazuri, vitamini B na magnesi. Inashibisha: mama alipohamia dona, ngumi moja ilianza kumtosha.

*Usalama.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huambiwa "kula dona" bila kuambiwa hili. Kama mahindi yalivunwa yakiwa na unyevu, yakaanikwa chini kwenye udongo, yakarundikwa ghalani kabla ya kukauka, ukungu huingia na kutengeneza sumukuvu. Ukila dona unaila yote, pamoja na ganda. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hayo yalikuwa mahindi yao wenyewe, ya nyumbani. Kuchemsha na kusonga ugali hakuiondoi. Kinachosaidia ni mkono na jicho: anika juu ya turubai au kichanja, chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na uzitupe mbali, hata kuku usiwape. Tena dona haikai. Mafuta ya kiini huchacha, unga ukaanza kuwa na harufu kali na uchungu, kwa hiyo saga wa wiki mbili tatu tu.

*Mfuko na nyumba.* Ukisagisha mwenyewe ni nafuu, maana hakuna kinachobaki kuwa pumba. Ladha yake ni nzito, na watoto wengine hununa siku za mwanzo.

*Anayefaa.* Mwenye mahindi safi anayoyajua yalikotoka na mashine ya kusaga jirani.

Ulezi na mtama

*Kiasi na kasi.* Wanga ni takribani gramu 72 hadi 75. Nyuzinyuzi ni nyingi kuliko za sembe, na kuna viambata kwenye ganda vinavyochelewesha umeng'enyaji. Ukisongwa ugali mgumu wa unga wenye chenga, hupandisha sukari polepole. Ukisagwa laini ukawa uji, mambo hubadilika, na ile 14.2 ya mama ndiyo ushahidi wangu. Bakuli lile lilikuwa na unga wa karibu kikombe kizima, na hakuna alichokula pamoja nalo. Siku hizi anakunywa kikombe kimoja kidogo, na mkononi ana yai la kuchemsha au karanga. Uji wa unga wa lishe, wenye mchanganyiko wa nafaka tano sita, una tabia hiyohiyo.

*Kinachofuatana.* Ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, una kalisi ya takribani miligramu 340 kwa gramu 100. Mahindi hayaukaribii hata kidogo. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi na mifupa inaanza kulia, hilo ni jambo kubwa. Mtama mwekundu una tanini zinazobana madini ya chuma. Kamulia limau kwenye mboga za majani, na chai iwe mbali na mlo.

*Usalama.* Punje za ulezi ni ndogo na mchanga hujificha humo. Pepeta, osha, anika. Pia uliza unga wa "brauni" unaouziwa umechanganywa na nini. Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya, mtama husagwa pamoja na muhogo ili ugali ushikane. Ni chakula kizuri cha asili, lakini kadiri muhogo unavyozidi ndivyo nyuzinyuzi zinavyopungua.

*Mfuko na nyumba.* Sehemu nyingi ulezi ni ghali kuliko mahindi. Sisi tulimaliza ubishi kwa kuchanganya nusu ulezi, nusu dona, na nyumba nzima ikala sufuria moja.

*Anayefaa.* Mwenye uwezo wa kuununua bila kunyima nyumba samaki na maharage, na anayeula kama ugali zaidi kuliko uji.

Muhogo

*Kiasi na kasi.* Mara nyingi nimeambiwa, na watu ninaowaheshimu, kwamba muhogo haupandishi sukari kwa kuwa ni chakula cha asili. Unapandisha. Unga wake mkavu una wanga wa gramu 80 na zaidi kwa gramu 100, kuliko hata sembe, na protini karibu hakuna. Muhogo mbichi una kama gramu 38 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 120 hivi zinatosha kuwa mlo wako wa wanga.

*Kinachofuatana.* Kwenye mzizi, kidogo. Kwenye majani, mengi: kisamvu kina protini na madini ya chuma. Mmea huu umeweka utajiri wake juu ya ardhi.

*Usalama.* Muhogo mchungu una viambata vinavyotoa sianidi, na ukame huvizidisha. Wazee wetu hawakuloweka, kuvundika na kuanika makopa au udaga, yaani muhogo mkavu, kwa ajili ya ladha tu. Njia hizo ndizo zinazotoa sumu. Zikikatizwa kwa haraka ya njaa, na mlo ukiwa hauna protini, huja konzo, ugonjwa wa ghafla unaopoozesha miguu moja kwa moja. Jina lake limetoka kwa Wayaka wa Kongo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Tarime, kaskazini mwa Tanzania, iliujua miaka ya 1980. Nunua unga kwa mtu anayejua kuutayarisha, na usiwe mlo wa kila siku bila samaki, dagaa au maharage.

*Mfuko na nyumba.* Ni rahisi, unastahimili ukame, na sehemu nyingi za Mtwara, Pwani na Kongo ndio chakula chenyewe.

*Anayefaa.* Aliyelelewa nao na hana mwingine kwa urahisi, akipunguza tonge na kuongeza mboga. Asiyeuzoea hana sababu ya kuukimbilia kwa sababu ya sukari.

Wali

*Kiasi na kasi.* Kikombe kimoja cha wali ulioiva kina wanga wa takribani gramu 45. Kasi hutegemea mchele. Mrefu unaoachana punje, kama basmati, huenda pole kuliko ule unaoshikana. Wali bokoboko hukimbia.

*Kinachofuatana.* Mchele mweupe ni kama sembe: umekobolewa. Nazi hupunguza mwendo wa sukari lakini huongeza mafuta mengi, na mwenye kisukari mara nyingi ana presha na lehemu (kolesteroli) vya kuangalia pia. Mchele wa brauni una nyuzinyuzi, ila bei yake na muda wa kuuivisha huwashinda wengi.

*Usalama.* Wali uliopoa hutengeneza wanga sugu, ule usiomeng'enywa kirahisi, na hupandisha sukari pungufu kidogo. Faida ni ndogo. Usiache sufuria mezani usiku kucha kwa ajili yake, kwani kuna bakteria wa kwenye mchele ambao sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Kiporo kifunikwe, kipozwe upesi, kiwekwe kwenye friji.

*Mfuko na nyumba.* Huu ndio wanga rahisi kuupima: kikombe kinajazwa, kinapinduliwa sahani, basi. Lakini pia ndio rahisi kuuzidisha, kwa sababu unateleza. Shughulini, sahani ya pilau ni vikombe vitatu bila mtu kujua.

*Anayefaa.* Anayekula nje, kwa mama ntilie, ambako tonge la ugali halipimiki lakini unaweza kusema, "Dada, wali nusu, maharage na mchicha niongezee."

Viazi vitamu, ndizi na magimbi

Hivi hupendwa kwa futari na chai ya asubuhi, na vina jambo moja zuri: maji mengi. Wanga uleule wa gramu 45 unaupata kwenye viazi vitamu vya kuchemsha gramu 250, au ndizi za kupika gramu 150. Kwa hiyo viazi vitamu hujaza tumbo kwa gharama ndogo ya sukari, mradi vimechemshwa. Kuchoma huongeza kasi sana, na kiazi kilichochomwa mkaani hadi kikatoa asali, utamu huo ni sukari kweli. Ndizi ziwe mbichi. Vya kukaanga na vibanzi sitavijadili. Mwenye shida ya figo aulize kabla, maana ndizi na viazi vina potasi nyingi.

Mboga, na kile kimashine

Muuguzi akisema "nusu ya sahani iwe mboga," wengi wetu husikia kitoweo. Anamaanisha majani na mboga zisizo na wanga: mchicha, matembele, sukuma wiki, kabichi, bamia, mlenda, nyanya chungu. Robo iwe protini: samaki, dagaa, kuku, maharage, choroko. Robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Maharage yana wanga pia, ila huingia polepole. Anza na majani na kitoweo, wanga umalizie. Kisha tembea dakika kumi na tano badala ya kujinyoosha kochini. Kwa mama hatua hizi mbili zilishusha namba kuliko badiliko lolote la unga.

Kujua mwili wako unavyopokea kila chakula, pima kabla ya tonge la kwanza na tena saa mbili baadaye. Badilisha kitu kimoja tu: mboga ileile, kiasi kilekile, unga tofauti. Stripu, vile vipande vya kupimia vinavyochomekwa kwenye mashine, ni ghali, kwa hiyo sisi tulifanya mlo mmoja kwa wiki. Mama alionyesha tofauti ndogo kati ya sembe na dona kwa ngumi moja. Kati ya ngumi moja na ngumi mbili, tofauti ilikuwa ya kutisha. Mwili wako unaweza kusema jingine, ndiyo maana ya kupima.

Kwa hali yako

Kama pesa ni ya kubana na ugali ni kila siku, baki na unga unaoweza kuununua, punguza kipimo, na kinachookolewa kwenye unga kinunue dagaa na maharage. Usiende kukopa kwa ajili ya ulezi.

Kama mnakula sinia moja, tenga sehemu yako kabla mikono haijaingia. Si utovu wa adabu. Mama mwanzoni aliona aibu mbele ya wageni, siku hizi anasema tu, "Langu hili," na mazungumzo yanaendelea.

Kama unafunga Ramadhani na daktari ameridhia, chagua wanga mmoja kwenye futari. Tende, uji, muhogo wa nazi, viazi na tambi kwa pamoja ni milo mitatu ndani ya nusu saa. Ulezi au dona vitafaa zaidi daku, kwa kuwa hukaa tumboni.

Kama unakonda bila kukusudia, usipunguze chakula kwanza. Rudi hospitali, huenda mwili unakosa insulini.

Kama unameza glibenklamidi au vidonge vya kundi lake, au unachoma insulini, usikate wanga nusu kwa siku moja. Dawa itaendelea kushusha sukari wakati chakula kimepungua. Ukitetemeka, ukitokwa jasho la baridi, moyo ukienda mbio, au mashine ikisoma chini ya 4.0, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya dakika 15. Metformini peke yake haina kawaida ya kufanya hivyo. Jua unameza ipi.

Na kama umeambiwa juzi tu kwamba una kisukari, na mashine huna, wiki ya kwanza usibadilishe unga kabisa. Chukua kikombe cha robo lita, pima nusu, songa, kula na majani mengi. Andika kwenye daftari ulichokula, kiasi na saa, na daftari hilo nenda nalo siku ya kliniki.